Mwenye Titi Aulizwe

Siku waliponiaga walinipa saa ya ukutani na keki iliyokosewa jina langu, kisha wakaniomba niwaandikie vijana wa thieta ya hospitali mawaidha machache. Yawe mafupi, alisema katibu, na yatie moyo. Nimekaa mezani hapa Uyole wiki kadhaa nikingoja mawaidha ya kutia moyo, hayaji. Kinachokuja ni hasira, tena ya siku nyingi, iliyokuwa imekaa foleni ikisubiri nistaafu. Basi nitaiandika hiyo. Anayetaka kutiwa moyo, keki ilibaki.

Vyeo sitavitaja, na mshahara ulikuwa mshahara. Nilikuwa muuguzi wa chumba cha upasuaji, kwanza Iringa, baadaye Mbeya. Kazi yangu ilikuwa kusimama upande wa pili wa meza na kumpa daktari kisu anachokitaka, mara nyingine kabla hajakitaja. Nimeona mikono mingi ikikata, na mingi ilikuwa mikono mizuri. Ninachotaka kuwaambia kinahusu matiti ya wanawake: yanakatwa wapi, kovu linabaki wapi, na nani anaamua. Mzee mmoja wa usharika wetu aliposikia ninaandika nini aliguna, akaniuliza kama mwili hauna kiungo kingine. Viko vingi, nikamjibu, na karibu vyote hata wanaume wanavyo, ndiyo maana huwa vinakatwa kwa adabu. Hajanisalimia tena tangu siku hiyo.

Nilianzia hospitali ya misheni huko milimani Iringa, mahali ambapo mwezi wa saba ukungu unaingia hadi wodini. Asubuhi ya kwanza nilinawa mikono kwa brashi mpaka viwikoni, kwa maji ya tangi yaliyolala nje, nikaingia thieta nikitetemeka hadi koleo zikawa zinagongana kwenye sinia. Msimamizi alikuwa Mama Sanga, Mkinga wa Makete, mfupi, mwenye sauti ndogo ambayo madaktari waliiogopa kuliko ya mganga mkuu wa hospitali.

"Kamwene, binti," aliniambia. "Unasikia baridi?"

"Ndiyo, mama."

"Basi tetemeka sasa hivi umalize. Ukishavaa glavu, baridi ni ya mgonjwa."

Alinifundisha visu kama watu wengine wanavyofundisha watoto majina ya ndugu. Namba kumi ana tumbo pana, ni wa ngozi ndefu. Namba kumi na moja ana ncha, ni wa kutoboa. Namba kumi na tano ni kadogo kama ukucha wa mtoto, na huyo, alisema, ni wa sehemu ambayo mtu ataiangalia kwenye kioo maisha yake yote. Alinifundisha kupika vyombo kwenye mtungi wa mvuke juu ya jiko la mkaa, na kukunja vitambaa ili anayevifungua asiguse upande wa ndani. Haya yote siku hizi yapo kwenye mafunzo yenu, na mashine zenu zinapiga kengele zenyewe.

Somo lake kubwa lakini lilikuja kabla ya kisu. Mgonjwa akiletwa, Mama Sanga alimfunua sikio aone tundu la hereni limeponaje. Kisha bega, aone alama ya chanjo. Kisha alimuuliza kama ana chale, zile za wembe wa mganga wa kienyeji. Ngozi zetu nyingi zinapona vizuri, ila zipo ambazo zikikatwa hazijui kuacha: kovu linavimba, linang'aa, linawasha, linaendelea kuota hadi nje ya mpaka wake kama kamba. Wataalamu wanaliita keloidi, na kifuani ndiko linakopenda kuota. Tundu la hereni lililopona kimya ni habari njema, lenye kinundu ni onyo. Chale ndizo zinazosema zaidi, kwa sababu mganga hukata mahali pengi na kila mahali panajibu kivyake.

Tatizo ni kwamba kwetu chale hazisemwi. Awe Mlutheri au Mkatoliki, aliyekwenda kwa mganga wa kienyeji hataki ijulikane kanisani, maana anajua kitakachompata. Na muuguzi anayemuuliza ndiye anayeimba naye kwaya. Kwa hiyo atasema hana. Wodi nzima ilikuwa imejaa waumini wasio na chale, na chale zao. Mama Sanga aliuliza, akapokea uongo kwa adabu, kisha akazitafuta mwenyewe kwa macho wakati wa kumsafisha mgonjwa.

Mgonjwa wangu wa kwanza wa titi alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, ananyonyesha, jipu limeiva. Jipu la titi ni kazi ndogo. Unaweza kulifikia kwa mkato mfupi uliopinda pembezoni mwa duara jeusi la chuchu, pale rangi mbili zinapokutana na kovu linapata pa kujificha. Au unaingia chini, kwenye mkunjo, ambako titi lenyewe linalifunika. Mama Sanga alikuwa ameshaniwekea namba kumi na tano mkononi. Daktari akaomba namba kumi, akakata juu, wima, pale pale gauni linapofungukia shingoni. Usaha ukatoka, homa ikashuka, tukampongeza.

Miezi baadaye yule mwalimu alirudi kliniki na kamba nyeusi inayong'aa ikipanda kifuani kuelekea shingoni. Alikuwa anafundisha amejifunika kanga hadi kidevuni, jua la mwezi wa kumi na moja likiwaka. Aliuliza kwa sauti ya chini sana.

"Dokta, samahani. Mbona ulikata hapa?"

"Mama, ulitaka kupona au ulitaka urembo?"

Mwalimu akaomba radhi. Yeye ndiye aliyeomba radhi! Mimi nilikuwa nimeshika faili lake, kijana, sina sauti, lakini damu ilinipanda. Swali hilo nimelisikia tena na tena katika miaka yangu, kutoka kwa madaktari wanaume na wanawake, na halijawahi kunipita bila kuniudhi. Linajifanya kwamba kupona na urembo vinauzwa maduka tofauti, ukiingia hapa huwezi kuingia pale. Mkato wa chini ungemponya vilevile, kwa jipu lile lile, kwa muda ule ule. Yule mama alichotaka ni kusimama ubaoni amevaa blauzi.

Mume wangu alipohamishiwa Mbeya nami nikahamia, thieta kubwa zaidi, taa zisizozimika kila mvua ikinyesha. Huko ndiko nilikokutana na mama mmoja mfanyabiashara wa vitambaa, anayepita Tunduma kila mara, ambaye alikuwa amekwenda nje ya nchi kuongezewa matiti. Alikuja kwetu kutolewa nyuzi. Wauguzi wenzangu walijazana mlangoni kuchungulia kama kuna bibi harusi, nikawafukuza. Nilipokuwa natoa nyuzi nilimuuliza ilikuwaje akakatwa pale alipokatwa.

"Alinisimamisha mbele ya kioo, Sista," akasema. "Akanichorea kwa kalamu. Chini kwenye mkunjo, pembeni ya duara, na kwapani. Akanieleza kila sehemu itaniachia nini, halafu akaniambia nenda ukafikirie. Nikafikiria siku mbili nzima."

Nilirudi nyumbani nimefura hadi mume wangu akauliza nani kafa. Sikumwonea wivu yule mama, matiti ni yake na fedha ni zake. Kilichonichoma ni kugundua kwamba lile swali lipo. Kumbe kuna watu wazima, madaktari, wanaomuuliza mwanamke kovu likae wapi, tena kwa upole, na kumsubiri ajibu. Ila anaulizwa aliyekuja kununua. Aliyekuja na jipu, aliyekuja na uvimbe, aliyekuja amebebwa kwenye bodaboda kutoka shambani, huyo anakatwa halafu anaulizwa kama alitaka kupona au urembo.

Wiki hiyo nilikwenda Mwanjelwa nikanunua kioo kirefu, nikakipigilia ukutani kliniki. Daktari wetu mmoja alicheka.

"Sista, unafungua saluni?"

"Ndiyo, Dokta. Karibu, nianze na wewe."

Kioo kilikaa pale miaka mingi bila mtu kukitumia zaidi ya wanafunzi kurekebisha vitambulisho vyao. Kisha akaja Atuganile.

Alikuja na mama yake, ambaye nilimfahamu vizuri. Mama Atu tulikuwa naye usharika mmoja, mkulima wa viazi, kiongozi wa akina mama, mwenye sauti ambayo ikianzisha wimbo hata waliosinzia wanaamka. Binti yake alikuwa fundi cherehani, wa miaka ishirini na kidogo, mpole, amevaa blauzi iliyoshonwa vizuri mno. Alipoivua nikaelewa kwa nini. Titi la kulia lilikuwa titi la msichana yeyote. Upande wa kushoto kifua kilikuwa bapa kama cha mtoto, na juu yake kamba ya keloidi imelala mshazari, nene, ikivuta chuchu ndogo upande. Ndani ya blauzi alikuwa ameshonea kitambaa cha kujazia. Kila blauzi yake ilikuwa na cha kwake, kimepimwa.

Mama Atu akaeleza. Zamani walikuwa wanaishi Chimala, yeye akiuza mchele. Atu alipokuwa na miaka tisa, siku moja akimwogesha, mama alihisi kivimbe kigumu chini ya chuchu ya kushoto. Alimbeba mbiombio hadi kituo kimoja cha afya pembezoni mwa barabara kuu. Tabibu akabonyeza, akasema ni uvimbe, bora utoke mapema. Akamchoma sindano ya ganzi, akaukata.

"Nilimpelekeaga na kuku, Sista," Mama Atu akasema. "Kumshukuru."

Vijana wangu, mnaonisoma, hapa wekeni chai chini. Kile kivimbe hakikuwa ugonjwa. Titi la msichana linaanza hivyo: kitufe kigumu chini ya chuchu, mara nyingi upande mmoja kwanza, na mwenzake anafuata baada ya miezi. Kikiuma kidogo, ndiyo kawaida yake. Yule tabibu alilikata titi lenyewe likiwa bado mbegu, akalitupa kwenye ndoo, na titi hilo halikuja tena. Mtoto wa kike wa umri huo akiletwa na kitufe cha namna hiyo, mrudishe mama nyumbani akapumzike, mwambie amlete tena umtazame. Kisu kisiguse. Nimewaona zaidi ya Atuganile, na kila mmoja alikatwa na mtu aliyekuwa na haraka ya kusaidia.

Daktari wetu wa upasuaji alimpima Atu kwa dakika chache. Akasema hana ugonjwa, kuongeza titi ni upasuaji wa urembo, na foleni ya wagonjwa wa kweli ni ndefu.

"Aliugua lini, Dokta?" nikamuuliza. "Alikatwa akiwa mzima. Kama sisi tumeondoa, kurudisha kunakuwaje urembo?"

"Sista, usiniletee siasa."

Sikuleta siasa, nilileta jina la Atuganile kila daktari bingwa alipokuja Mbeya kwenye kambi ya matibabu, hadi wakazoea kuniona mlangoni. Hatimaye alikuja anayehusika, Daktari Shirima wa Dar es Salaam, bingwa wa kurekebisha maumbile, mtu mrefu asiye na maneno mengi. Alimtazama Atu kwa makini hasa, amesimama, amekaa, mikono kiunoni. Akaeleza kinachowezekana: kwanza kuweka puto chini ya ngozi na kulijaza maji ya chumvi kidogo kidogo ili ngozi ilegee, kisha kulitoa na kuweka mfuko wa silikoni kwa njia ile ile. Atu alikuwa anasikiliza ameshika ukingo wa kiti kwa mikono yote miwili.

Kisha daktari akagusa ile kamba ya keloidi, na uso wake ukabadilika. Akatazama masikio. Atu hakuwa ametoboa. Akatazama bega. Alama ya chanjo ilikuwa na kinundu kidogo, si kibaya, si kizuri.

"Amewahi kukatwa sehemu nyingine yoyote?" akauliza. "Kidonda, upasuaji, chale?"

"Hapana, Dokta," Mama Atu akasema haraka. "Sisi ni watu wa kanisani. Mambo ya waganga hatujuagi."

Daktari Shirima akavua glavu. Akasema kwa upole, na upole wake ulikuwa mbaya kuliko ukali, kwamba hawezi. Ngozi ya namna hii akiikata bila kujua inaponaje mahali pengine, anaweza kumwongezea kamba ya pili juu ya ile ya kwanza, na titi jipya likaharibika. Kama angekuwa na ushahidi wowote kwamba kuna sehemu ya mwili wake inapona vizuri, angejaribu. Hana. Akafunga faili.

Atu hakulia. Alichukua blauzi yake akaanza kurudisha kile kitambaa cha kujazia mahali pake, taratibu, kwa vidole vya mtu aliyezoea. Chumba kilikuwa kimejaa: wauguzi, wahudumu, wanafunzi, nusu yetu waumini wa kanisa moja. Mama Atu alikuwa anatazama mikono ya binti yake. Kisha akanitazama mimi. Hakumtazama daktari, bali mimi, dada yake wa usharika.

"Dokta, subiri," akasema. "Atu, nyanyua mkono."

"Mama, acha."

"Nyanyua, mwanangu."

Atu akanyanyua mkono wa kushoto. Daktari akavuta taa. Kwapani, katikati ya mikunjo, kulikuwa na mistari midogo iliyopangwa, miembamba hivi kwamba jicho lisilotafuta lingeipita. Mama Atu alikuwa anaongea akitazama sakafu. Atu alipofika miaka kumi na mitatu na titi halijaja, alimpeleka kwa mganga mmoja mbele ya Madibira, amfungulie njia ya ziwa, titi liote. Mganga akamchanja kwapani na kumpaka dawa.

"Ni dhambi, najua," akasema. "Lakini pale hospitali walishamkata na hakuna aliyeniambia kitu. Ningeenda wapi?"

Daktari Shirima alipitisha kidole gumba juu ya zile chale, mara ya kwanza, mara ya pili. Zilikuwa bapa. Zilikuwa zimepona kimya kabisa, karibu miaka kumi, hakuna hata moja iliyoota. Akacheka kidogo, akatikisa kichwa.

"Mama, huyo mganga amenifanyia kipimo ambacho mimi nisingethubutu kukifanya."

Alionya kwamba haahidi. Mkato wa daktari ni mkubwa kuliko chale, kutakuwa na sindano za kuzuia kovu kuota na plasta ya kulibana kwa miezi, na bado ngozi inaweza kuasi. Lakini njia ilikuwepo. Kisha akafanya jambo ambalo nililisubiri tangu nikiwa msichana wa kushika mafaili. Akatazama huku na huku, akaona kioo changu, akamsimamisha Atu mbele yake. Akatoa kalamu mfukoni.

"Unataka kovu likae wapi?"

Mjomba wa Atu, aliyekuwa amewasindikiza na kukaa pembeni akiwa amegeukia dirishani kwa heshima, akajibu akiwa kule kule dirishani: "Kata unapoona wewe panafaa, Dokta, wewe ndiye mtaalamu." Mama Atu akasema labda pale pale pa zamani, ili kovu libaki moja. Mwanafunzi mmoja akaanza kueleza faida za mkunjo wa chini. Daktari, kalamu mkononi, alikuwa anamtazama msichana kwenye kioo, na watu walipoona hajibu mtu wakanyamaza mmoja mmoja.

Atu akagusa upande wake ulio bapa. Akauliza mkunjo wa chini ungekaa wapi, wakati upande ule hauna titi la kutengeneza mkunjo. Daktari akamwambia hilo ndilo tatizo lake, wangekisia, na wakikosea kovu lingebaki wazi juu ya titi. Akauliza kuhusu duara la chuchu. Daktari akamwonyesha lilivyo dogo na lilivyovutwa na kovu la zamani.

"Basi kwapani," akasema. "Mi ni fundi, Dokta. Mshono huwezi kuutoa ila unaweza kuuhamisha. Lakini nina swali. Nikija kubeba mtoto, mbeleko si itapita hapo hapo?"

Daktari Shirima hakuwa amewahi kuulizwa hilo. Alisema kweli, hajui. Basi tukakunja shuka la wodi likawa mtoto, nikamfunga Atu mgongoni kwa kitenge cha mama yake, fundo juu ya kifua, chini ya kwapa, kama tunavyofunga sote huku. Daktari akachora kitenge kinapobana, akatufanya tufungue, akamnyanyua Atu mkono na kuusogeza ule mstari nyuma kidogo, ndani zaidi ya mikunjo. Nilikuwa natabasamu kama mjinga nyuma ya barakoa.

"Na hili la zamani?" daktari akauliza mwishoni, akionyesha ile kamba. "Naweza kujaribu kulipunguza."

"Liache. Hilo si langu. Ni la aliyenikata."

Upasuaji wenyewe nisiwachoshe. Nilinawa mimi kumsaidia daktari mezani. Nilimpa namba kumi na tano kabla hajaomba, na mkato ukaenda kwenye mstari kama cherehani nzuri inavyokwenda. Kisha zikaja wiki za kliniki, sindano ya maji ya chumvi, puto likikua, Atu akipunguza kitambaa ndani ya blauzi kidogo kidogo hadi siku aliyokitoa kabisa. Puto likatolewa, mfuko ukawekwa, kwa njia ile ile. Plasta, sindano, kusubiri. Kovu likapona. Leo akinyanyua mkono unaona mstari mwembamba umejipanga pamoja na chale, na usipoambiwa huwezi kujua upi ni wa daktari na upi ni wa mganga.

Hapo ndipo mngependa niishie, na katibu angefurahi. Siishii hapo. Siri ya chumba kile haikumaliza wiki. Mmoja wetu, mwenye sare kama yangu, alikibeba alichokisikia kwa mgonjwa akakipeleka kanisani. Simjui hadi leo, na ni bahati yake. Mama Atu akaitwa na wazee. Hakukana safari hii. Akavuliwa uongozi wa akina mama, akatengwa na Meza ya Bwana. Miezi yote ile alikuwa anamleta binti yake kliniki Jumatatu, na Jumapili anakaa benchi la nyuma wenzake wakienda mbele kupokea. Wimbo ukianza, alikuwa anaufuata kama watu wengine, kwa sauti ndogo.

Mwaka huu, nikiwa nimeshastaafu, ilikuja Jumapili yake ya kurudi kundini. Kwetu anayerudi anasimama mbele, uso kwa uso na usharika mzima, dhambi yake inasomwa, anaulizwa kama anajuta, anaombewa. Mama Atu alisimama na kitenge kipya, mikono imeshikana tumboni. Atu alikuwa benchi la mbele. Mchungaji, kijana mpole, akasoma kwamba mama huyu alimpeleka mtoto kwa mganga na kumchanja chale. Akauliza kama anajuta.

"Najuta," Mama Atu akasema.

Mchungaji akauliza, kama ilivyo desturi, kama yupo mwingine anayetaka kusimama. Nikangoja. Mbele yangu nilikuwa naona vichwa vya wauguzi, matabibu, daktari mmoja, watu niliofanya nao kazi, wote wametulia. Miguu yangu ina ugonjwa wa kusimama sana, lakini ilinyanyuka. Nikaenda mbele nikasimama kando ya Mama Atu.

Mchungaji aliniinamia, akashusha sauti. "Sista, na wewe ulikwenda kwa mganga?"

"Hapana, mchungaji. Huyu mtoto alikatwa titi lake zima akiwa na miaka tisa, na watu wa kazi yangu, wakashukuriwa. Nimesimama kwa ajili yao."

Hakukuwa na sala ya hilo kwenye kitabu chake. Alikifungua, akakifunga. Kisha akauliza, na naamini aliuliza kwa moyo safi.

"Wenyewe wanajuta?"

"Sijui, mchungaji," nikasema. "Hakuna aliyewahi kuwauliza."